Sura ya Tano: Mbili, Nne, Nane

Mjomba wangu alikuwa na banda la maandazi nyuma ya nyumba yake, Tanga. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, kichwa kimejaa mageti na majedwali, na likizo ilipofika nikamwahidi kumtengenezea chombo cha kuhesabu. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Andazi linateremka kwenye ubao, linagusa kiwiko cha swichi, hesabu inapanda kwa moja. Likifika la nane kengele inalia, binti wa kufungasha anafunga mfuko, anabonyeza kitufe cha kuinyamazisha, na mfuko mwingine unaanza.

Kuhesabu, kilihesabu. Vitaa vitatu vyekundu vilionyesha namba kwa mfumo wa sifuri na moja bila kukosea hata mara moja: moja, mbili, tatu, mpaka saba, kisha sifuri. Tatizo lilikuwa kengele. Ililia kwenye andazi la pili. Ikanyamazishwa, ikalia tena kwenye la nne. Ikanyamazishwa, likapita la tano, la sita na la saba kimya, ikalia kwenye la nane kama ilivyotakiwa. Mjomba alisimama pembeni, unga umemfika viwikoni, akatazama mifuko mitatu ikijazwa.

"Mpwa wangu," akasema, "hiki chombo chako kinajua kuhesabu, au kinajua kushtuka tu?"

Nilikagua nyaya zote. Nikabadilisha chipu moja baada ya nyingine. Mbili, nne, nane. Waya uliolegea hauna nidhamu ya namna hiyo. Ukilegea hukosea ovyo, leo hivi, kesho vile. Kosa linalorudi palepale kila mara, tena kwa mpangilio, halikai kwenye waya. Linakaa kwenye kichwa cha aliyechora saketi.

Ili tujue kengele ile ilikuwa inasikia nini, inabidi tushuke mpaka chini kabisa, kwenye geti lenyewe.

Geti la mantiki hutazama ishara zinazoingia na kutoa ishara moja. Ishara ni volti tu. Kwenye chipu nilizotumia, volti za juu, zilizo karibu na 5, tunaziita moja; zilizo karibu na hakuna tunaziita sifuri. Geti la NA hutoa moja endapo maingizo yake yote ni moja. Geti la AU huridhika na yeyote. Geti la SI lina ingizo moja na kazi moja, kubisha: ukilipa moja linatoa sifuri, ukilipa sifuri linatoa moja. George Boole, profesa wa hisabati kule Cork, Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoigeuza mantiki kuwa hesabu ya namna hii, naye alifanya yote kwa kalamu na karatasi. Ikapita miaka 83. Mwaka 1937 kijana wa miaka 21 pale MIT, Claude Shannon, akaandika tasnifu ya shahada ya uzamili akionyesha kwamba swichi za umeme, zile za kwenye mitambo ya simu, zinatii hesabu ileile. Tangu hapo kuchora saketi kukawa kazi ya kuandika milinganyo.

Geti nililolipenda kuliko yote ni la NA lililofuatwa na SI. Mafundi huliita nandi. Wanandi wa Bonde la Ufa watanisamehe. Linatoa sifuri pale tu maingizo yake yote yanapokuwa moja, vinginevyo linatoa moja. Uzuri wake ni kwamba ukiwa nalo la kutosha huhitaji geti jingine lolote. Funga maingizo yake mawili pamoja, umepata SI. Weka hiyo SI nyuma ya nandi nyingine, umerudi kwenye NA. Geuza maingizo kabla hayajafika kwenye nandi, umepata AU. Chipu iitwayo 7400 inabeba manne ya aina hii kwenye miguu 14: mguu wa 14 unapewa volti 5, wa 7 unapelekwa ardhini, iliyobaki ni ya kazi.

Ila geti halina kumbukumbu. Andazi likishapita, geti limeshasahau kwamba kulikuwa na andazi. Ili saketi ikumbuke, ishara lazima irudi ilikotoka. Chukua nandi mbili, tokeo la ya kwanza liwe ingizo la ya pili, na tokeo la ya pili lirudi kuwa ingizo la ya kwanza. Sasa kila moja inamshikilia mwenzake. Upande wa kushoto ukiwa moja, unaulazimisha wa kulia uwe sifuri, na huo wa kulia kwa kuwa sifuri unaubakiza wa kushoto kwenye moja. Gusa ingizo la upande mwingine kwa sifuri ya kupita tu, pande zote mbili zinageuka, na ukiondoa mkono zinabaki hivyohivyo. Waingereza wawili, Eccles na Jordan, walifanya jambo hili mwaka 1918 kwa valvu mbili za kioo, kabla ya transista kuwapo. Mimi naliita komeo, kwa kuwa linafanya kazi ya komeo: ukilisukuma linakaa, mpaka mtu alisukume kurudi.

Kwenye chombo cha mjomba nilikuwa na makomeo mawili. Moja lilikuwa kwenye swichi. Vipande vya chuma ndani ya swichi vikigongana hurukaruka kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na andazi moja lingehesabiwa kuwa matatu au manne. Komeo hushika mguso wa kwanza na kuyapuuza yanayofuata. La pili lilikuwa la kengele. Geti la kutambua sifuri, yaani kwamba hesabu imetoka saba na kurudi mwanzo, likitoa ishara, komeo linaishika na kengele inaendelea kulia hadi binti abonyeze kitufe. Kumbuka hili la pili, maana ndilo lililonishtaki.

Ubaya wa komeo ni kwamba liko macho muda wote. Lolote litakalopita mbele yake, hata kwa kufumba na kufumbua, linashikwa. Kwa hesabu tunahitaji seli yenye adabu zaidi, nayo ni flipuflopu. Hii ina mguu mmoja wa data na mguu mwingine wa saa. Inatazama data wakati mmoja tu, pale ishara ya saa inapopanda kutoka sifuri kwenda moja. Kinachokuwapo kwenye data wakati huo inakichukua na kukionyesha kwenye tokeo lake. Baada ya hapo data inaweza kucheza ngoma inayotaka, seli haigeuzi shingo mpaka saa ipande tena. Namna rahisi ya kuiunda ni kupanga makomeo mawili kwa kufuatana, mithili ya milango miwili ya kuingilia sehemu yenye ulinzi: wa ndani haufunguki kabla wa nje haujafungwa. Chipu ya 7474 ina flipuflopu mbili, na kila moja inakupa tokeo lake pamoja na kinyume cha tokeo hilo bure.

Sasa turudi kwenye kosa langu. Ukiifungia flipuflopu kinyume chake kwenye data yake yenyewe, kila mpigo wa saa unaigeuza: sifuri, moja, sifuri, moja. Nilichukua tatu za namna hiyo nikazifunga kama mnyororo. Ya kwanza ilipigwa na swichi ya maandazi. Ya pili ilipigwa na ya kwanza, kila ya kwanza ilipoanguka kutoka moja kwenda sifuri. Ya tatu ilipigwa na ya pili kwa njia hiyohiyo. Hakuna geti hata moja katikati. Nilijiona fundi kweli.

Ila flipuflopu haigeuki papo hapo. Inachukua nanosekunde kumi na kitu, hata arobaini, yaani sehemu ya bilioni ya sekunde mara kadhaa. Ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kumaliza. Fuata kwa kidole hesabu inapotoka moja kwenda mbili, ukisoma seli ya tatu kwanza, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Tunaanza na 001. Seli ya kwanza inaanguka: 000. Ndipo seli ya pili inaposikia, inapanda: 010. Hapo katikati kaunta imesema sifuri. Kutoka tatu kwenda nne ni mbaya zaidi: 011, 010, 000, 100. Imesema mbili, ikasema sifuri, ndipo ikafika nne. Kutoka tano kwenda sita ni 101, 100, 110, imepitia nne lakini sifuri haikugusa, ndiyo maana kengele ilikaa kimya.

Macho ya mjomba na yangu hayakuweza kuona sifuri hizo za uongo, na vitaa vilionekana safi. Geti la kutambua sifuri halina uvivu wa macho. Liliifumania sifuri ya kweli kabisa, japo ya nanosekunde chache, likapaza sauti, na komeo la kengele likaidaka. Kwenye mbili, kwenye nne, na kwenye nane ambayo ndiyo peke yake ilikuwa halali.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua chipu za kasi zaidi. Ni wazo la kipuuzi ingawa nimewaona wengi wakilifuata. Chipu ikiwa ya kasi, uongo unakuwa mfupi, lakini na sikio la komeo linakuwa jepesi kiasi kilekile. Umehamisha ugomvi, hukuumaliza.

Dawa niliiona siku nyingine kabisa, ufukweni, watu wakipandisha jahazi mchangani. Kamba ndefu, wanaume kama ishirini, na mzee mmoja ambaye hakushika kamba kabisa. Kazi yake ilikuwa sauti. "Harambeee!" na wote wanavuta kwa pamoja, jahazi linasogea hatua. Kisha kimya kidogo. Katika kimya hicho mmoja anapangusa jasho, mwingine anahamisha mguu, wa tatu anashika kamba upya. Ukiwapiga picha wakati huo utaona fujo tupu. Mzee hatazami fujo ile. Anachotaka ni kwamba wito ujao ukitoka, kila mtu awe ameshajiweka sawa.

Saketi za kwenda kwa mpigo mmoja, zile ambazo vitabu huziita sinkronasi, ni hivyo tu. Saa moja, waya mmoja, unafika kwenye mguu wa saa wa kila seli. Hakuna seli inayompiga mwenzake. Saa hiyo haijui kama ni saa mbili ya Waswahili au saa mbili ya Wazungu. Inajua kupanda na kushuka. Watu hudhani imewekwa ili iiharakishe saketi. Naamini ni kinyume: saa imewekwa ili kila mmoja asubiri. Mpigo unasema "tazameni", na muda wote uliobaki unasema "msitazame kwanza".

Ukikubali sharti hili, namna ya kufikiri inabadilika. Huulizi tena nani amsukume nani. Unauliza swali moja kwa kila seli: kwa hali ilivyo sasa, baada ya mpigo ujao unatakiwa uwe nini? Nikachora upya kaunta ya maandazi, safari hii ishara ya swichi ikipita kwenye komeo lake na kufika kwenye seli zote kwa wakati mmoja kama mpigo. Seli ya kwanza: iwe kinyume cha ilivyo. Seli ya pili: igeuke endapo ya kwanza ni moja, la sivyo ibaki. Seli ya tatu: igeuke endapo ya kwanza na ya pili zote ni moja, la sivyo ibaki. Basi. Kuna geti linalofaa mno kwa jambo la "igeuke au ibaki", nalo hutoa moja pale maingizo yake mawili yanapotofautiana. Nitaliita geti la tofauti. Mpe seli yenyewe upande mmoja na amri ya kugeuka upande wa pili, tokeo lake ndiyo hali mpya ya seli.

Ukihesabu vifaa utashangaa vilivyo vichache. Seli ya kwanza haihitaji geti, kwa kuwa 7474 inatoa kinyume bure. Ya pili inataka geti moja la tofauti. Ya tatu inataka geti la tofauti na geti la NA. Chipu mbili za 7474 zinanipa flipuflopu nne, nami nimetumia tatu.

Ya nne niliipa kengele, na hapa ndipo nilipoona nimeanza kuelewa. Kengele isiulize "je, ni sifuri sasa?" Iulize "je, ni saba sasa?" Seli zote tatu zikiwa moja, geti la NA linaweka moja kwenye data ya flipuflopu ya kengele, nayo inakaa palepale ikingoja. Andazi la nane linapogusa swichi, mpigo uleule unaoirudisha kaunta sifuri ndio unaoiwasha kengele. Uamuzi umefanyika kwenye saba ili kitendo kiwe kwenye nane. Je, geti la NA halitetemeki katikati ya mageuzi? Linatetemeka kama lilivyotetemeka mwanzo, kwa sababu hata seli zinazopigwa pamoja hazigeuki kwa usawa wa nywele. Tofauti ni kwamba hakuna anayelisikiliza wakati huo. Likija kusikilizwa, kwenye mpigo unaofuata, limetulia zamani. Na kile kitufe cha kunyamazisha kikakosa kazi: andazi la kwanza la mfuko mpya linakuta hesabu si saba tena, kengele inazimika yenyewe.

Umbo hili, ukuta wa seli, kisha pori la mageti, kisha ukuta mwingine wa seli, ndilo umbo la karibu kila kichakato unachokijua, pamoja na kile kilicho kwenye simu yako. Pori linaweza kuwa na mageti mawili au milioni. Sheria ni ileile.

Sheria hiyo ina gharama. Mpigo usije kabla pori halijatulia. Tufanye hesabu kwa familia ya chipu za LS. Karatasi za watengenezaji huipa flipuflopu ya 7474 mpaka nanosekunde 40 kuonyesha jibu baada ya mpigo, nayo hutaka data iwe imetulia nanosekunde 20 kabla ya mpigo unaofuata. Mageti yetu mawili, la NA na la tofauti, tuyape 50 kwa pamoja. Jumla ni nanosekunde 110. Kaunta yetu basi inaweza kupigwa mara milioni tisa na ushei kwa sekunde, na hakuna banda la maandazi duniani linalofika huko. Lakini weka kichakato cha mapigo bilioni tatu kwa sekunde. Ndani ya mpigo mmoja mwanga wenyewe unakwenda sentimita 10 tu, na humo ishara inatakiwa itoke kwenye seli, ipite mageti yote, ifike kwenye seli nyingine na kutulia. Njia moja ndefu kuliko nyingine ikichelewa, chipu nzima inapunguza mwendo kwa ajili yake. Msafara huenda kwa mwendo wa ngamia anayechechemea. Wachoraji hutumia siku nyingi kuitafuta njia hiyo moja, kisha huikata katikati kwa kuweka ukuta wa seli, kazi ya mpigo mmoja ikawa ya mipigo miwili.

Nina katazo moja tu ninalowapa vijana, nalo huwaudhi: usiweke geti kwenye waya wa saa. Kishawishi kipo. Unataka seli fulani isibadilike kwa muda, unaona rahisi kuizuia saa isiifikie. Geti hilo linaweza kutoa mpigo wa uongo, au kuchelewesha ule wa kweli, nawe umerudi kwenye mnyororo wangu wa maandazi. Kama hutaki seli ibadilike, mpigie mpigo kama wenzake, ila mrudishie thamani yake mwenyewe kwenye data. Atavuta kamba, atabaki alipo. Wachoraji wa chipu kubwa huvunja katazo hili ili kuokoa umeme, kwa vifaa maalumu na kwa hesabu ndefu. Wewe bado.

Mfano mkubwa wa ujenzi wa namna hii ulikwenda mwezini. Kompyuta ya kuongozea vyombo vya Apollo, iliyobuniwa MIT, ilijengwa kwa geti la aina moja tu: la AU lililofuatwa na SI, lenye maingizo matatu. Toleo lililobeba watu lilikuwa na chipu zipatazo 2,800, kila moja mageti mawili. Seli zake za hesabu zilikuwa makomeo ya mageti hayohayo yaliyofungwa yakitazamana. Waliweza kununua aina nyingi. Walichagua moja ili chipu zote zipimwe kwa kipimo kimoja na kila kasoro ijulikane mapema. Juu ya yote hayo kulikuwa na fuwele ya kwatzi iliyopiga mara 2,048,000 kwa sekunde.

Na tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ikishuka, kompyuta hiyo ikaanza kutoa maonyo kwamba kazi imeizidi. Chanzo kilikuwa rada ya kutafutia chombo mwenza. Rada na kompyuta zilipata umeme wa marejeo kutoka vyanzo viwili, vyote vya mipigo 800 kwa sekunde. Kasi ilikuwa moja. Lakini vyanzo hivyo havikuanza mipigo yao pamoja, kimoja kilikuwa nyuma ya kingine kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipanga. Kifaa cha kupimia pembe kikaona pembe inacheza wakati haichezi, kikaituma kompyuta kuongeza na kupunguza hesabu bila kupumzika, na kila ombi likala kipande cha muda wake. Chombo kilitua salama kwa kuwa programu iliandikwa iweze kuacha kazi ndogo na kushika kubwa. Wazee wawili wanaoita harambee kwa kasi moja lakini si kwa pamoja hawapandishi jahazi.

Jambo hilo linanirudisha Tanga, kwa sababu mjomba hakuchelewa kulalamika tena. Kengele ilikuwa inalia mpaka andazi lijalo lije, na siku mteja akiwachelewesha ililia dakika nzima. Alitaka ilie nusu sekunde ikome. Kwa hiyo nikaleta saa inayojipiga yenyewe: fuwele ya saa ya mkononi, mipigo 32,768 kwa sekunde, namba ambayo ni mbili kuzidishwa kwa mbili mpaka zifike kumi na tano. Chipu ya 4060 inaigawa kwa mbili mara 14 na kukupa mipigo miwili kwa sekunde. Ndani yake, nakiri, kuna mnyororo uleule nilioulaani hapo juu. Haudhuru, maana unatumia mguu mmoja tu na hakuna geti linalosoma seli zote kwa pamoja.

Seli zangu zilipigwa na fuwele moja kwa moja, mipigo yote 32,768. Swichi ya maandazi haikuwa mpigo tena, ilikuwa data. Na andazi halisikii harambee. Linaweza kugusa swichi sawia na saa inapopanda, data ikiwa si moja wala si sifuri. Flipuflopu ikitazama wakati huo inaweza kusita, tokeo lake likasimama katikati kama sarafu iliyosimama kwa ukingo, na hakuna ajuaye italala upande gani wala lini. Mwaka 1973 Thomas Chaney na Charles Molnar, wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, walichapisha makala kuhusu tabia hii. Kuna mafundi wazoefu waliokuwa hawaamini kuwa ipo. Mbaya zaidi, ukiipeleka ishara hiyo kwenye seli mbili kwa mkupuo, moja inaweza kuona andazi na nyingine isilione, saketi ikagawanyika mawazo.

Huwezi kuifuta kabisa. Unachoweza ni kuipa muda. Pitisha ishara ya nje kwenye flipuflopu moja, kisha nyingine, na ruhusu saketi isome ile ya pili tu. Ya kwanza ikisita, ina mpigo mzima wa kulala upande wowote kabla ya kuulizwa. Kila nanosekunde unayoiongeza inapunguza hatari kwa kuzidisha, si kwa kutoa, na kwa fuwele ya saa ya mkononi muda uliopo ni maelfu ya nanosekunde. Andazi litahesabiwa kwa kuchelewa kidogo mno. Halitahesabiwa mara mbili.

Chombo hicho kilifanya kazi mpaka mjomba alipobadilisha mfuko ukawa wa maandazi sita kwa sababu ya bei ya unga. Nilikuwa nimesharudi chuoni, nikamchorea saketi mpya kwenye karatasi na kuituma kwa basi. Ichore nawe kabla ya kufungua sura inayofuata: seli tatu, hesabu ya sifuri mpaka tano, kisha irudi sifuri. Andika jedwali kwanza, usishike waya. Utakuta mistari miwili, ya hesabu sita na hesabu saba, ambayo kaunta yako haitarajii kufika. Usiiache wazi. Ipangie iende sifuri, kwa maana umeme ukikatika na kurudi, seli huamka zinavyotaka, na siku moja zitaamkia humo.